Karamu ya Plymouth: Nani Mgeni, Nani Mwenyeji?

Wazee wetu husema: «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Kila mmoja wetu anajua maana yake. Mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenye nyumba, ambaye pengine jana alilala na mboga tupu, naye anapata nyama. Lakini je, mgeni akija asirudi tena kwao? Na mwenyeji akizidi kupungua nyumbani mwake, hata siku moja aulizwe: «Wewe ni nani, nawe unatafuta nini mezani petu?»

Habari hiyo si hadithi ya kubuniwa. Ilitokea kweli katika nchi ya Marekani, na watu wa huko hula karamu kubwa kila mwaka kwa kuikumbuka. Wengi wanaikumbuka nusu tu. Tuisimulie leo yote, tangu mwanzo hata mwisho, kwa maana sisi pia ni watu wa karamu: Noeli, Pasaka, arusi, ubatizo, kuondoa matanga. Anayejua kuandaa meza ya watu wengi atapata hapa jambo la kufikiri.

I. Karamu jinsi ilivyo siku hizi

Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, Wamarekani wanafanya Siku ya Shukrani. Shule na ofisi nyingi zinafungwa. Watoto waliokwenda kutafuta kazi mbali wanarudi kwa wazazi, wengine kwa motokari, wengine kwa ndege, hata njia zote zinajaa. Si siku ya zawadi kama Noeli. Kazi yake ni moja: kukaa pamoja na kula.

Lakini kazi hiyo haianzi Alhamisi. Mwenye nyumba anahesabu kwanza watu. Chakula kikubwa ni bata mzinga mzima, aliyeokwa. Kwa desturi wanahesabu karibu nusu kilo ya nyama mbichi kwa kila mtu. Basi watu 16 wanataka ndege wa kilo 8 hivi. Mara nyingi ndege huyo ananunuliwa akiwa amegandishwa, mgumu kama jiwe. Kumyeyusha ndani ya friji kunadai siku nzima kwa kila kilo 2. Maana yake, anayetaka kumpika Alhamisi asubuhi amtoe katika barafu Jumapili asubuhi. Asiyehesabu siku atapata aibu mbele ya wageni: nje nyama imekauka, ndani ina damu.

Tena mwenye nyumba hapiki vyote. Anagawa kazi. Huyu ataleta viazi, yule mboga, mwingine vinywaji. Shangazi fulani anajulikana kwa mkate wake mtamu wa maboga. Mtu mwingine akiuleta mahali pake, kutakuwa na maneno. Wasio na ndugu karibu hualikwa na jirani. Na katika miaka ya karibuni vijana wengi wa mijini wanafanya karamu yao wenyewe, marafiki kwa marafiki, kila mmoja na sahani yake. Watu wakubwa wakikaa, watoto hupewa meza yao ndogo pembeni. Halafu, katika nyumba nyingi, kabla ya kula kila mmoja anasema jambo analolishukuru mwaka huo.

Ukiwauliza watoto wa shule: «Desturi hii imetoka wapi?», watakujibu: «Zamani Waingereza walifika kwa merikebu, wakapata mavuno, wakawaalika Waindiani, wakala pamoja kwa amani.» Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini lina mashimo mengi kama wavu.

II. Shamba lilikuwa na mwenyewe

Waingereza hao walikuwa Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la mfalme wao. Kwa sababu ya kuteswa walikimbilia kwanza nchi ya Uholanzi, wakakaa katika mji wa Leiden tangu mwaka 1609. Mwaka 1620 wengine wao, pamoja na watu wasio wa dini yao, walipanda merikebu jina lake Mayflower. Walikuwa abiria 102. Walifika pwani ya Amerika mwezi wa Novemba, baridi ikiwa imeanza, bila nyumba wala shamba. Katika siku zao za kwanza walichimbua nafaka ambayo wenyeji walikuwa wameifukia ardhini kama akiba, wakaichukua. Mwaka uliofuata walilipa. Lakini tukumbuke: mahindi yao ya kwanza hawakupewa, waliyachukua.

Mwezi wa Desemba walichagua mahali pa kujenga, wakapaita Plymouth. Palikuwa pazuri mno: kijito cha maji mema, na mashamba yaliyokwisha kufyekwa. Nani aliyefyeka? Mahali pale palikuwa kijiji, jina lake Patuxet, kijiji cha kabila la Wampanoag. Kati ya mwaka 1616 na 1619 ugonjwa mkubwa ulioletwa na merikebu za Wazungu uliteketeza watu wa pwani ile. Patuxet hapakubaki mtu. Waingereza walijenga juu ya makaburi.

Mtu mmoja tu wa Patuxet tunamjua vizuri kwa jina: Tisquantum. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza, Thomas Hunt, aliwadanganya watu zaidi ya 20, akawatia merikebuni, akaenda kuwauza utumwani katika mji wa Málaga, nchi ya Hispania. Mapadri watawa wa mji ule waliposikia, waliwachukua wale ambao hawajauzwa bado. Tisquantum alitoka Hispania akafika London, akakaa katika nyumba ya mfanyabiashara, akajifunza Kiingereza. Mwaka 1619 alirudi kwao. Fikirini mtu yule: ametoka utumwani, amevuka bahari, anakaribia kijiji chake, hasikii mbwa kubweka wala mtoto kulia. Wote wamekufa.

Majira ya baridi ya kwanza yaliwaua karibu nusu ya Waingereza. Mwezi wa Machi 1621 wenyeji waliwaendea. Wa kwanza, Samoset, aliingia kati ya vibanda vyao akawasalimu kwa Kiingereza, maneno aliyojifunza kwa wavuvi. Baada ya siku chache sultani mkubwa wa Wampanoag, Massasoit, alifanya nao agano: tusipigane, na adui akimshambulia mmoja wetu, mwingine amsaidie. Alikuwa na sababu yake. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza watu, na majirani zake wa magharibi, kabila la Narragansett, walikuwa bado na nguvu. Alitafuta rafiki mwenye bunduki.

Tisquantum akabaki na Waingereza. Aliwaonyesha kupanda mahindi na kutia samaki katika shimo ili udongo upate nguvu. Walilima karibu hekta 8 za mahindi, na hekta mbili na nusu hivi za shayiri na njegere, mbegu walizotoka nazo kwao. Mahindi ya wenyeji yalizaa vizuri. Shayiri ilizaa kidogo. Njegere ziliungua na jua. Kama si mbegu za nchi na mwalimu wa nchi, pasingekuwa karamu, pangekuwa matanga tena.

III. Siku tatu za mwaka 1621

Habari za karamu yenyewe zimo hasa katika barua moja, iliyoandikwa mwezi wa Desemba 1621 na Edward Winslow, mmoja wa wakubwa wa Plymouth, ikapigwa chapa London mwaka 1622. Maneno yanayohusu karamu ni machache: unaweza kuyasoma yote kabla uji haujapoa.

Winslow anasema kwamba mavuno yalipokwisha kuingizwa, gavana alituma watu wanne kuwinda ndege ili wote wafurahi pamoja. Kwa siku moja walipata ndege wa kutosha kijiji karibu juma zima. Wakacheza michezo, wakapiga bunduki zao. Ndipo Waindiani wengi walipokuja, na Massasoit pamoja na watu 90 hivi. Walikaa siku tatu. Nao wakaenda kuwinda, wakaleta paa wakubwa watano, wakampa gavana na wakubwa wengine.

Tuhesabu kama anavyohesabu mwenye karamu. Waingereza waliobaki hai walikuwa 50 hivi, na watoto ndani yake. Wageni 90, wote wanaume, wenye njaa ya wanaume. Jumla watu 140. Nyumba za kukaa zilizokwisha kujengwa zilikuwa saba. Wanawake watu wazima waliosalia walikuwa wanne tu, na wasichana wachache wa kuwasaidia. Mnaojua jikoni mnanielewa: wanawake wanne, moto wa kuni, watu 140, siku tatu! Barua inataja gavana, inataja wawindaji, inataja sultani. Wanawake hao wanne haiwataji.

Wala haisemi kwamba wageni walialikwa. Inasema tu kwamba walikuja. Huenda walikuwa na mwaliko. Huenda walisikia milio ya bunduki wakaja kutazama kama rafiki yao ameingia vitani, maana ndivyo agano lilivyowataka. Lakini walipoona kwamba chakula hakitatosha, hawakukaa wakingoja kupakuliwa. Walikwenda porini wakarudi na paa watano. Kwa hesabu ya nyama, sijui kama gavana aliwalisha wao kuliko wao walivyomlisha yeye.

Na vyakula? Viazi vya mviringo havikuwapo. Sukari haikuwapo ya kutosha mikate mitamu. Uma haukutumika. Bata mzinga wa porini walikuwa wengi mwaka ule, lakini barua inasema «ndege» tu. Pengine bata wa maji walikuwa wengi zaidi. Kilichokuwapo bila shaka ni nyama ya paa, ndege, na mahindi.

Tena Waingereza wale hawakuita siku hizo «Shukrani». Kwao siku ya shukrani ilikuwa siku ya kusali kanisani, si ya kucheza na kupiga shabaha. Siku ya namna hiyo waliifanya mwaka 1623, mvua ilipowarudia baada ya ukame mrefu. Karamu ya mwaka 1621 ilikuwa furaha ya mavuno, kama watu wote wa mashamba wanavyofurahi.

IV. Mgeni akamponya mwenyeji

Mwezi wa Machi 1623 habari zilifika Plymouth kwamba Massasoit ni mgonjwa, karibu kufa. Edward Winslow, yuleyule wa barua, alifunga safari kwenda kumwona. Akakuta nyumba imejaa watu, waganga wanapiga kelele, na mgonjwa hawezi kuona. Winslow alimlisha kidogo kidogo kwa ncha ya kisu, akamsafisha ulimi uliovimba, akapika mchuzi wa unga wa mahindi na majani. Baada ya muda sultani akaona tena, akaomba supu ya ndege, akapona. Naye, kwa shukrani, akawaambia Waingereza siri ya watu waliokuwa wanapanga kuwashambulia.

Methali yetu ilitimia kwa neno: mgeni alikuja, mwenyeji akapona. Na kabla ya hapo, mwenyeji alikuwa amemponya mgeni kwa mahindi. Hapo palikuwa na urafiki wa kweli, wala tusiudharau kwa sababu ya yale yaliyofuata. Agano la mwaka 1621 lilidumu maisha yote ya Massasoit, karibu miaka 40.

V. Watoto wa marafiki

Lakini merikebu hazikuacha kuja. Kila mwaka wageni wapya, na kila mgeni alitaka shamba. Ng'ombe na nguruwe wao waliingia katika mahindi ya wenyeji. Vipande vya ardhi viliuzwa, vingine kwa hiari, vingine kwa deni, vingine kwa hila. Mwenyeji aliyekuwa akigawa viwanja akawa anaomba mahali pa kulima. Massasoit alikufa karibu mwaka 1661. Edward Winslow alikuwa amekwisha kufa mwaka 1655. Waliokula pamoja walikuwa wanaondoka. Waliobaki walikuwa watoto wao.

Mwana wa Massasoit, jina lake Metacom, ambaye Waingereza walimwita Philip, akawa sultani. Mwana wa Winslow, jina lake Josiah, akawa gavana wa Plymouth mwaka 1673. Mwaka 1675 vita vilianza kati ya watu wa Metacom na Waingereza. Vijiji vingi vya pande zote mbili vilichomwa moto, maelfu ya watu walikufa, wengi zaidi wenyeji. Baba mmoja alikuwa amemlisha mwenzake kwa ncha ya kisu. Wana wao walitafutana kwa bunduki.

Mwezi wa Agosti 1676 Metacom aliuawa. Mtoto wake aliuzwa utumwani ng'ambo. Kichwa chake kililetwa Plymouth siku ileile iliyowekwa kuwa siku ya shukrani kanisani kwa ajili ya ushindi, kikatundikwa juu ya mti. Kilikaa pale miaka mingi. Karamu ya mwaka 1621 na shukrani ya mwaka 1676 zilifanyika katika kijiji kimoja. Anayesimulia ile ya kwanza na kunyamazia ya pili amepakua wali akaacha mawe chini ya sahani.

VI. Mjane aliyeandika barua miaka 17

Msidhani kwamba tangu mwaka 1621 Wamarekani walikula bata mzinga kila Novemba. Karamu ile ilisahauliwa. Siku za shukrani zilikuwapo, lakini kila jimbo lilichagua siku yake. Rais George Washington alitangaza moja kwa nchi nzima tarehe 26 Novemba 1789. Baada yake wengine walitangaza, wengine walikataa. Mwaka 1841 mchungaji Alexander Young wa Boston alichapisha tena barua ya Winslow, naye akatia maelezo chini kwamba hiyo ndiyo shukrani ya kwanza. Maelezo hayo madogo yalizaa desturi kubwa.

Aliyeifanya kuwa karamu ya nyumba zote ni mwanamke. Sarah Josepha Hale alizaliwa mwaka 1788 katika jimbo la New Hampshire. Mume wake alikufa mwaka 1822, akamwacha na watoto watano, na tangu siku ile alivaa nguo nyeusi maisha yake yote. Ili kuwalisha watoto alianza kuandika. Katika kitabu chake Northwood cha mwaka 1827 alieleza karamu ya Shukrani katika nyumba ya wakulima: bata mzinga aliyeokwa amewekwa mwanzo wa meza, na mkate wa maboga hauwezi kukosekana. Tangu mwaka 1837 aliongoza gazeti la wanawake lililosomwa kila mahali, akaliongoza miaka 40. Humo aliwafundisha mama wa nyumba namna ya kupika na kuandaa karamu hiyo.

Tena aliandika barua. Aliwaandikia magavana, aliwaandikia marais mmoja baada ya mwingine, akiomba siku moja kwa nchi nzima. Aliona kwamba watu wa kaskazini na wa kusini wanaanza kuchukiana kwa sababu ya utumwa, akatumaini kwamba wakikaa mezani siku moja, hawatapigana. Hapo alikosea. Meza haikuzuia vita. Mwaka 1861 vita vya ndugu kwa ndugu vilianza, na mwezi wa Julai 1863, huko Gettysburg, kwa siku tatu tu, watu karibu 50,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea.

Tarehe 28 Septemba 1863 mjane huyo, mwenye umri wa miaka 74, alimwandikia Rais Abraham Lincoln. Barua yake ilijibiwa upesi. Tarehe 3 Oktoba Lincoln alitangaza Alhamisi ya mwisho ya Novemba kuwa Siku ya Shukrani kwa nchi yote, akawaomba watu wawakumbuke wajane, yatima na wote wenye matanga. Kuhusu Plymouth hakutaja hata neno moja. Siku hii kama taifa zima linavyoijua ilizaliwa katika kilio, katika nyumba ambazo kiti kimoja kilikuwa kitupu.

Wala kupanga siku hakukuwa rahisi hata baadaye. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano. Wafanyabiashara walilalamika kwamba siku za kuuza vitu vya Noeli zitakuwa chache, naye Rais Franklin Roosevelt akaisogeza Shukrani juma moja mbele. Karibu nusu ya majimbo yalimfuata, mengine yalikataa, na machache yalifanya zote mbili. Watu wa jamaa moja wanaokaa katika majimbo mawili walikuta kwamba likizo zao hazikutani, na nyama imeokwa pasipo walaji. Mwishoni mwa mwaka 1941 sheria ilikata shauri: Alhamisi ya nne, basi.

VII. Aliyealikwa akanyimwa neno

Mwaka 1970 ilitimia miaka 350 tangu Mayflower ilipofika. Wakubwa wa jimbo la Massachusetts waliandaa karamu. Wakakumbuka kumwalika Mwampanoag mmoja, Wamsutta Frank James, mwalimu wa muziki, ili aseme maneno machache. Lakini waliomba kuyasoma kwanza. Walikuta ameandika habari za makaburi yaliyochimbuliwa, mahindi yaliyochukuliwa, ardhi iliyopotea, na watu wake ambao bado wapo. Wakamwambia kwamba maneno hayo hayafai kwa sikukuu. Wakataka kumpa hotuba nyingine, iliyoandikwa na wao. Akakataa.

Basi Alhamisi ya Shukrani ya mwaka ule alikwenda Plymouth, juu ya kilima cha Cole's Hill, karibu na sanamu ya Massasoit, akasema maneno yake mbele ya watu waliokuja kusikiliza. Tangu siku ile, kila mwaka, siku ileile ambayo wengine wanakula, wazao wa wenyeji wa kwanza na rafiki zao wanakusanyika pale kwa Siku ya Kitaifa ya Kuomboleza. Na watu wa Wampanoag hawakwisha: serikali ya Marekani imekubali kwa sheria jamaa zao mbili, ya Aquinnah mwaka 1987 na ya Mashpee mwaka 2007.

Tazameni jambo hili la ajabu. Mwaka 1621 Massasoit alikuja bila mwaliko unaojulikana, akakaribishwa, akaleta paa watano. Mwaka 1970 mtu wa kabila lake alialikwa, lakini alichotaka kuleta mezani kilikataliwa. Alitakiwa aje mikono mitupu, ale, ashukuru, anyamaze. Hayo si kukaribishwa.

VIII. Na sisi?

Mtu atasema: «Hayo ni mambo ya Waingereza na Waindiani, mbali na sisi.» Si mbali sana. Tazama chungu chako. Mahindi unayosagia unga wa ugali, muhogo unaokausha juani, maharagwe, viazi vitamu, karanga, pilipili: mimea hiyo yote ililimwa kwanza na Waindiani wa Amerika, ikavushwa bahari na Wazungu, ikaingia Afrika, ikafika Kongo. Babu za babu zetu walikula mtama, ulezi, viazi vikuu na ndizi. Jioni ya leo, nyumba nyingi za Kongo zitakula kazi ya mikono ya watu wale, wala hatujui majina yao.

Basi anayeandaa karamu ya Noeli au ya arusi, na aijue habari ya Plymouth. Kuhesabu watu ni vizuri, kugawa kazi ni vizuri: huyu kuni, yule mchele, yule vinywaji. Lakini kuna hesabu nyingine, ambayo inafanywa baada ya sahani kuoshwa. Nani alileta nini? Nani alipika naye hakukaa? Shamba lililotoa chakula hiki ni la nani? Yupo mtu aliyealikwa ili aonekane tu, asisikilizwe?

Wanawake wanne wa Plymouth hawakutajwa katika barua. Paa watano walitajwa, lakini waliowaleta walisahauliwa na wajukuu wa wale waliowala. Shukrani inayomwinua Mungu na kumsahau jirani aliyeleta nyama ina tundu chini, kama kibuyu kilichopasuka. Haibaki kitu ndani.

Mwaka huu karamu yenu ikikaribia mwisho, kabla wageni hawajasimama, mwenye nyumba na ataje kwa sauti kila mtu na alicholeta: mama wa jikoni, kijana wa maji, jirani aliyetoa viti, na yule ambaye hakualikwa lakini akaja na kuku mkononi. Ni kazi ya dakika chache, wala haidai fedha. Watoto wakiwa pale, wasikie. Ndio watakaokaa mezani pamoja baada yetu, au watakaopigana.